Tofauti za Kijeni: Kwa Nini Tusiziite Kasoro

Magazeti yetu yakiandika habari za selimundu, mara nyingi husema mgonjwa ana "kasoro ya jeni". Msemo umezoeleka, lakini haufai, na Kaunti ya Taita Taveta inatosha kuonyesha sababu.

Jeni ni sehemu ya maelekezo ya urithi yanayouongoza mwili. Kwa jeni nyingi, mtoto hupata nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Nakala hizo hupishana kidogo baina ya mtu na mtu, na mpishano huo ndio tunaouita tofauti za kijeni. Watanzania watasema tofauti za vinasaba, na hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni na kasoro, neno linalohukumu kabla ya kueleza.

Tuchukue jeni mojawapo ya hemoglobini. Ikibadilika herufi moja tu mahususi ya maelekezo yake, hutoa hemoglobini S. Aliyerithi S kwa wazazi wote wawili huugua selimundu: chembe nyekundu zikikosa oksijeni hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake hayasimuliki. Aliyerithi S kwa mzazi mmoja na A, nakala iliyozoeleka zaidi, kwa mwingine, yaani AS, kwa kawaida huishi bila dalili. Zaidi ya hapo, vimelea vya malaria hustawi kwa shida ndani ya chembe zake, na bandama huziondoa mapema zilizoambukizwa. Tafiti za taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome Trust kule Kilifi zilionyesha kuwa AS humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Aliyeuona uhusiano huo mapema ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za jamii mbalimbali nchini. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta AS kwa wingi, katika baadhi ya jamii zaidi ya asilimia 20. Nyanda za juu zenye baridi hakuikuta ila kwa nadra. Hoja yake kwamba malaria ndiyo iliyoidumisha S aliichapisha mwaka 1954.

Sasa turudi Taita Taveta, tupande kutoka Voi, mji wa joto ulio mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, tupite Mwatate hadi Wundanyi, zaidi ya mita 1,300. Baridi ya huko huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Taveta ni habari nyingine: Mto Lumi, Ziwa Jipe, mifereji ya kunyweshea migomba. Malaria ilikuwa nzito kiasi kwamba katika miaka ya 1950 eneo hilo liliingizwa katika Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, nyumba zikapuliziwa dieldrin, dawa ya kuua mbu. S moja iliyoweza kumwokoa mtoto wa Taveta wakati huo haikuwa na kazi kubwa kwa mwenzake wa Wundanyi. Jeni ni ile ile. Kasoro iko wapi?

Tukisema AS ni kinga, neno hilo nalo litumiwe kwa uangalifu. Kazi kubwa ya AS si kuwafunza askari wa mwili kupigana. Ni kumnyima adui makao. Ndivyo ilivyo pia kwa Dantu, aina ya damu inayopatikana zaidi Kilifi, ambayo hukaza utando wa chembe nyekundu, vimelea vikashindwa kupenya. Jeni za HLA ndizo zinazohusika na askari wenyewe, kwa kuwaonyesha vipande vya adui. Hizo hutofautiana mno baina ya watu, na ni sababu mojawapo ya VVU kwenda polepole kwa baadhi ya walioambukizwa.

Mwenye AS bado anaweza kuugua malaria, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani. Na wachumba wapime hemoglobini mapema: wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kumleta mtoto mwenye selimundu.