Mkonge: Vita vya Wengine, Mavuno Yetu

Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wapo wanaosimulia kwamba ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba mkavu. Anayetaka kuamini na aamini. Mwaka 1964 watoto wa miche hiyo walitoa kiasi cha tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na hakuna nchi iliyotupita.

Bei iliyotufikisha huko ilipandishwa na vita vya wengine. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na Java, kulikotoka nyuzi za kamba za meli, Uingereza na Marekani zikabaki kuutegemea mkonge wa Afrika Mashariki. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, wanunuzi walishindana kujaza maghala. Tanga ikanona. Wenye mashamba, namaanisha. Manamba, vibarua walioletwa kutoka Kigoma na Songea, waliendelea kukata majani kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi.

Sasa, mkonge una tabia moja inayomponza mpandaji: haukatwi kabla ya kama miaka mitatu. Bei ikipanda leo, kila mwenye ardhi anafyeka pori na kupanda. Siku majani yanapofika kwenye korona, mashine ya kutoa singa, ya jirani nayo yamefika, na ya Brazili pia. Na huwezi kuung'oa kwa hasira, kwa kuwa unaendelea kuvunwa miaka mingi. Basi singa zinazidi kumiminika sokoni huku bei ikiporomoka.

Bei ilipoporomoka miaka ya 1960 kulikuwa na mgeni mwingine: kamba ya plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi za mifugo kwa kamba zetu, wakaihamia.

Kwa anguko hilo wengi hulilaumu Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967. Usimamizi wa mashirika ya umma uliongeza jeraha, sikatai, lakini bei ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya Azimio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukizalisha tani kama 20,000.

Siku hizi Serikali inawahimiza wakulima wadogo warudi kwenye mkonge. Anayepanda Korogwe msimu huu atauza kwa bei ambayo bado hajaiona.