Chuma cha Buha, Kutoka Jembe Hadi Nuru

Kabla ya majembe ya viwandani kutoka Ulaya, wakulima wa nyanda za juu za Buha, kuanzia Nyakitonto na Heru upande wa Kasulu hadi Muhambwe huko Kibondo, walitegemea mhunzi. Magharibi mwa Tanganyika jembe lilikuwa mali: lililima, likauzwa, likatolewa mahari.

Mawe yenye chuma hayakuwa adimu. Kazi ilikuwa kukitoa humo, kwa makaa yanayotia joto na wakati huohuo kuyanyang'anya madini oksijeni. Mwaka 1976, jirani zao wa kaskazini, wazee wa Kihaya, walijenga upya tanuri kwa kumbukumbu mbele ya watafiti. Ripoti ya Peter Schmidt na Donald Avery ya 1978 ilieleza kuwa mabomba ya udongo yaliyozama ndani ya tanuri yalipasha hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye makaa.

Majembe ya bei nafuu yalipoenea, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ufundi huo ulififia.

Leo chuma kinatafutiwa kazi nyingine: kunasa mwanga. Mwaka 1991, Michael Grätzel na Brian O'Regan, Uswisi, walitangaza seli ya jua inayotumia rangi. Rangi zilizosifika zilijengwa kwa ruteni, metali adimu na ghali. Chuma ni takriban asilimia 5 ya ganda la dunia, lakini kilipoteza nishati ya mwanga kabla elektroni haijahama.

Mwaka huohuo Anthony Arduengo, Marekani, alipata kabeni imara ya kwanza ya fuwele: molekuli ambayo kaboni yake hushika metali kwa nguvu. Kikundi cha Kenneth Wärnmark cha Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilizungushia chuma kabeni za aina hiyo. Nishati ikadumu pikosekunde 9 mwaka 2013, 100 mwaka 2017, na takriban 2,000 mwaka 2018.

Utengenezaji wenyewe ni wa tahadhari. Besi kali huing'oa protoni, kabeni huzaliwa, na chumvi ya chuma huingizwa kabla unyevu haujaiharibu. Hewa ambayo mhunzi aliipuliza, mkemia huifukuza kwenye chupa. Hata hivyo, molekuli ya 2018 hurudisha kama nuru asilimia 2 tu ya chembe za mwanga inazonasa, kwa hiyo wakemia wanaendelea kubadilisha kabeni zinazoizunguka.