Nje Udongo, Ndani Kioo

Chukua chungu cha zamani cha jikoni kutoka kusini mwa Italia, ukigeuze mkononi. Ndani kinang'aa rangi ya asali. Nje ni udongo mtupu, isipokuwa pale ukingoni ambapo utando wa kioo umemwagikia, ukateremka vidole viwili na kukoma. Mnunuzi wa leo huona urembo katika mstari huo usionyooka. Mfinyanzi aliona hesabu ya fedha. Udongo aliuchimba karibu na nyumbani, lakini madini ya risasi ya kutengenezea kioo aliyanunua. Basi alikipaka pale tu kilipohitajika, ndani, ili mafuta na mchuzi visipenye. Chombo cha tajiri ndicho kilichopakwa pande zote.

Kioo chenyewe kilichelewa kuzoeleka jikoni. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, karakana za Arezzo, Tuscany, zilikuwa zikitoa sahani na vikombe vyekundu vinavyometameta, vimepigwa mhuri wa mwenye karakana, vikauzwa kote katika dola ya Roma. Hivyo vilikuwa vya mezani. Kwenye majiko yaliyofukuliwa Pompeii hukutwa pia vyungu vya udongo wa kukwaruza, vyeusi kwa masizi, ambavyo hakuna aliyejali kuvitia mapambo.

Hasara ya udongo mtupu inaonekana Roma, karibu na mto Tiber, kwenye kilima kiitwacho Monte Testaccio. Kimo chake ni kama mita 35, na chote ni vigae: mabaki ya mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi ikiwa imetoka Hispania. Mtungi mmoja ulibeba lita 70 hivi. Mafuta yaliingia katika udongo, yakachacha, mtungi ukanuka na kukosa kazi. Ukavunjwa, ukapangwa juu ya wenzake na kunyunyiziwa chokaa kupunguza harufu. Watafiti wanakadiria kuwa kilima hicho kimemeza mitungi milioni 53.

Kioo cha risasi Warumi walikijua, ila vyungu vyao vya jikoni kwa kawaida havikupakwa. Waliowafundisha Waitalia kukipenda chombo kinachong'aa walikuwa wafinyanzi wa nchi za Kiislamu. Hao walichanganya bati katika kioo, kikawa cheupe kama maziwa na kupokea rangi vizuri. Waislamu walianza kuiteka Sicily mwaka 827, na ufundi wao ukafuata. Mabakuli mengine yalikuja kwa jahazi kutoka Tunisia, Misri na Hispania. Wafanyabiashara wa Pisa waliyapenda hata wakayapachika kwenye kuta za nje za makanisa. Kanisa la San Piero a Grado ni mfano mzuri, ingawa mabakuli mengi ya asili sasa yanatunzwa katika Makumbusho ya San Matteo mjini Pisa. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa mabakuli ya Kichina vivyo hivyo.

Kutokana na kioo hicho cheupe ikazaliwa maiolica, vyombo vyeupe vilivyochorwa kwa rangi, na hapa vitabu vingi vya sanaa hukaa mpaka msomaji asinzie. Miji ya Deruta, Gubbio, Urbino. Faenza, mji uliowapa Wafaransa neno lao la vyombo vya namna hiyo. Mnamo miaka ya 1550 Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante aliandika vitabu vitatu juu ya kazi ya mfinyanzi, na kuchora gurudumu, tanuri na vinu vya kusagia rangi. Ni hazina kubwa. Lakini sahani zenye picha za miungu na vita mara nyingi ziliwekwa zitazamwe. Maharagwe yalipikwa kwingine.

Yalipikwa katika pignatta, chungu chenye tumbo na mikono miwili upande mmoja, ili upande wa pili usogezwe motoni bila mpishi kuungua. Hakikuwekwa juu ya moto. Kilikaa kando ya makaa tangu asubuhi, kikitokota polepole, huku mama wa nyumba akiendelea na mengine. Watu wa Tuscany wanaitwa kwa utani "mangiafagioli", walaji wa maharagwe, na sidhani jina hilo lingepatikana bila chungu cha namna hii.

Kila mkoa ulikuwa na vyake. Impruneta, karibu na Florence, ulifinyanga mitungi mikubwa ya mafuta iitwayo orci, kwa udongo uleule uliotoa vigae vya kuba la kanisa kuu la Florence. Albisola, Liguria, katika karne ya 18 ulitoa sahani za kahawia zenye michirizi myeusi, rahisi, zilizouzwa mbali kwa merikebu. Grottaglie, Puglia, ambako karakana zimechimbwa ndani ya mwamba, ulijulikana kwa capasone, mtungi wa divai wa kimo cha kama mita moja, uliofinyangwa vipande vipande na kuunganishwa kabla haujakauka. Wakati wa baridi, bibi alishika scaldino, kikapu cha udongo chenye makaa, kupasha vidole.

Chombo kikubwa kikipasuka hakikutupwa. Fundi alitoboa matundu kandokando ya ufa, akaushona kwa waya. Mwandishi Luigi Pirandello alimchekesha msomaji kwa ufundi huo katika hadithi yake "La giara" ya mwaka 1909: fundi anashona mtungi mkubwa akiwa ndani yake, kisha anagundua kuwa hawezi kutoka, na mwenye mtungi hataki uvunjwe.

Kilichoviua vyungu hivi si uzembe wa wafinyanzi. Ni bati la enameli, kisha alumini. Mwaka 1933 likaja birika la kahawa la Alfonso Bialetti, Moka. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja plastiki, gesi na friji. Vijana waliacha mashamba wakaenda viwandani, na mwaka 1964 sheria ikakataza mikataba mipya ya mezzadria, ule ukulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Nyumba za mashambani zikabaki tupu, mitungi imesimama gizani. Mwaka 1968 Arezzo, mji uleule wa sahani nyekundu, ukaanzisha gulio la vitu vya kale, nalo bado hufanyika kila mwezi. Kilichokuwa chombo cha maskini kikapata bei.

Ukipata kimoja, kiweke mahali pa kuonekana, kwenye rafu au mezani na matunda makavu. Usikipikie. Kioo cha risasi huyeyuka kidogo kidogo kikikutana na limau, siki au nyanya, na risasi hudhuru zaidi watoto na wajawazito. Na kabla hujalipa, kigeuze: pignatta halisi iliyofanya kazi huwa na masizi upande mmoja tu, ule usio na mikono.