Magurudumu Ndani ya Mtumbwi: Historia Fupi ya Ndege za Maji na Istilahi Zake

Rasimu ya tafsiri iliyotufikia kutoka Mwembesongo, Morogoro, ilihusu utunzaji wa ndege iwezayo kutua majini na nchi kavu. Mfasiri alikuwa ameandika "gia ya kutua" kila yalipotajwa magurudumu, na "boya" kwa kila kimojawapo cha vyombo viwili virefu ambavyo ndege hiyo huelea juu yake. Lugha yake ilikuwa safi. Lakini fundi yeyote wa gereji za Mwembesongo akisikia gia huenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Na boya, kama historia inavyoonyesha, lilikwisha kuwa na kazi nyingine.

Vita ndivyo vilivyozileta ndege za maji katika pwani yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walimkodi rubani Cutler wa Durban pamoja na ndege yake ya Curtiss. Rejeta ilipoharibika, ikatafutwa ya motokaa huko Mombasa. Februari 1915 zikaletwa Sopwith mbili, lakini joto na unyevu vililegeza gundi na viungo vya mbao, zikashindwa kazi. Zilizofuata, za Short, zilipiga picha ingawa ziliruka kwa taabu. Hatimaye, Juni 1915, zililetwa ndege za magurudumu, na miti ikakatwa kisiwani Mafia ili zipate uwanja. Hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya merikebu iliyoiangamiza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Wakati huo mtu alilazimika kuchagua: maji au uwanja.

Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa za shirika la Imperial Airways, zilizopitia Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Hizi tumbo lenyewe lilikuwa mashua. Magurudumu hazikuwa nayo. Zilipohitaji matengenezo, mafundi walizifungia magurudumu ya muda zikiwa majini, zikavutwa hadi nchi kavu. Zilipopumzika bandarini zilifungwa kwenye boya. Tukikiita boya chombo kilicho chini ya ndege, basi boya litafungwa kwenye boya.

Ndege ya yule mfasiri imeunganisha njia zote mbili: magurudumu hukunjwa na kuingia ndani ya vyombo vyenyewe vya kuelea. Hapo ndipo utunzaji unapokuwa mgumu. Ikitoka maji ya chumvi ni lazima ioshwe kwa maji baridi, na grisi isukumwe katika maungio mpaka ile ya zamani itoke pamoja na maji yaliyopenya. Beringi, breki na mabomba ya hadroliki hukaguliwa mara kwa mara, kwani kutu haina subira. Vyombo vya kuelea navyo vimegawanywa vyumba vyumba, na kabla ya safari kila chumba hufuliwa maji. Kitenzi hiki, kufua maji, mabaharia wetu wanacho tangu zamani. Mfasiri hakuwa na haja ya kuandika "kuondoa kimiminika".

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika maneno mawili ya orodha ya rubani. Ndege ikitua majini magurudumu yakiwa chini, hukamatwa na maji na yaweza kupinduka kifudifudi. Rasimu ilisema "gia juu", na dereva wa lori angeelewa kwamba abadili mwendo. Tumependekeza "magurudumu juu" kwa maji na "magurudumu chini" kwa nchi kavu, bila kifupisho chochote.

Kwa vyombo vya kuelea tumependekeza "mitumbwi ya ndege", kwa kuwa ni virefu, vina uwazi ndani, na hufuliwa maji. Mwenzetu mmoja alidai kwamba mtumbwi ni chombo duni mno kwa mtambo wa namna hiyo. Hoja hiyo hatukuiona nzito: mtambo wenyewe umeazima jina kwa kiumbe mwenye manyoya.

Limebaki jina la mahali maji yanapokusanyika ndani ya mtumbwi huo. Baadhi yetu wanataka ngama, wengine banduru. Tunawaomba wasomaji wa pwani, hasa wanaofahamiana na mafundi wa majahazi, watuandikie.