Mtoto kulala usiku mzima: wazo hili lilitoka wapi?

Katika kambi za wahami, mama ambaye mtoto wake analia usiku anaweza kuambiwa kwamba amemzoeza vibaya. Lakini wazo la mtoto mchanga kulala peke yake bila kuamka si la zamani. Mwaka 1894, daktari Luther Emmett Holt wa New York, Marekani, alitoa kitabu kilichowafundisha wamama kumwacha mtoto asiye na njaa wala ugonjwa alie mpaka anyamaze.

Katika msitu wa Ituri, miaka ya 1980, watafiti waliwakuta Waefe wakipokezana watoto wachanga, hata wanawake wengine wakiwanyonyesha. Usiku mtoto alilala kati ya watu.

Vita vimewatenganisha wamama na mashangazi na nyanya waliowasaidia. Jirani akimbeba mtoto asubuhi, mama atapata usingizi.