Kutoka Ngoma ya Muheme hadi Mahakamani: Sauti ya Mwanamke Kijana katika Ugogo

Katika Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayoenea katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma na kuingia Manyoni mkoani Singida, baraza la wazee lilikuwa mahali pa wanaume, na mwanamke kijana aliyekuwa na neno la kusema alilisema akiwa ndani ya kundi la wenzake. Historia ya sauti yake katika uwanda huu wa kati ni safari ndefu iliyoanzia katika kauli ya kundi, ambayo mtu mmoja hakuweza kuulizwa peke yake juu yake, ikafika kwenye kauli inayobeba jina la msemaji mwenyewe.

Chombo cha kwanza cha kauli hiyo kilikuwa muheme, ngoma ya wanawake ambayo asili yake ilihusiana na unyago, yaani mafunzo na sherehe za kumwingiza msichana katika utu uzima. Mpigaji husimama akiwa ameibana katikati ya mapaja ngoma yenye umbo jembamba kiunoni, naye huipiga kwa mikono huku wenzake wakiimba kwa sauti kadhaa zinazopandana, kiongozi akitoa mstari na kundi likimjibu. Wakati ilimba, ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze vilihesabiwa zaidi kuwa ala za wanaume, muheme ulikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa njia hiyo msichana alijifunza kwa wakati mmoja mdundo, adabu za ndoa na namna ya kuyaweka hadharani mambo ambayo katika mazungumzo ya kawaida yangemletea aibu.

Uzito wa kauli hiyo ya pamoja ulionekana wazi zaidi wakati wa shida, kwa kuwa Ugogo ni nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua, ambayo imepitia njaa nyingi, ikiwemo ile ya Mtunya iliyowaua watu wengi kati ya mwaka 1917 na 1920. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti kati ya Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1968 juu ya ibada za utakaso, yaani za kuiondolea nchi uchafu ulioaminika kuleta balaa, kama vile maradhi ya ng'ombe. Katika ibada hizo wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakachunga ng'ombe na kuimba nyimbo ambazo siku nyingine zilikuwa mwiko, hadi balaa lilipohesabiwa kuwa limefukuzwa. Jamii iliyowanyima wanawake nafasi barazani ndiyo iliyowakabidhi kazi ya kuinyoosha nchi mambo yalipoharibika, na hilo ni ushahidi kwamba ilizitambua nguvu za sauti yao.

Katika karne ya 20 muheme ulitoka unyagoni ukaingia makanisani, ambako kwaya za Kigogo ziliuchanganya na nyimbo za Injili, na baada ya uhuru ukaingia pia katika mikutano ya siasa na sherehe za kitaifa. Wanawake walipata hadhira kubwa zaidi, lakini mara nyingi maneno waliyoyaimba yalikuwa ya mhubiri au ya chama, hata ukumbi ulipopanuka uhuru wa kusema ukabaki finyu.

Njia ya pili ilikuja na shule na kalamu. Kuanzia mwaka 1999 shirika la Femina Hip lilichapisha jarida la vijana kwa Kiswahili, ambalo baadaye lilijulikana kama Fema na kusambazwa katika shule za sekondari nchini, na ndani yake wasichana na wavulana walisimulia mambo ya mapenzi, mimba na masomo kwa lugha yao wenyewe. Miongoni mwa waliofanya kazi na shirika hilo ni Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyezaliwa Dodoma, ambaye alifungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati umri wa mvulana ulikuwa miaka 18. Mahakama Kuu ilitamka mwezi Julai 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019. Suala la ndoa ya binti, ambalo kwa vizazi vingi lilifundishwa na kuimbwa unyagoni, sasa lilijadiliwa mahakamani kwa jina la mwanamke mmoja.

Safari hiyohiyo imeonekana katika muziki. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba kutoka Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki wa Kigogo duniani, huku wanawake wa ukoo wake wakiwa waitikiaji na wapiga ngoma nyuma yake. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya Maisha, wakiwa mbele kwa nyimbo na majina yao.

Kauli yenye jina humpa msemaji heshima, lakini pia humwacha bila ile ngao ya wingi iliyowakinga bibi zake. Kwa sababu hiyo, wajibu wa jamii ya uwanda wa kati ni kusimama pamoja na binti anayesema leo kama kundi la muheme lilivyosimama na kiongozi wake, na kuyaandika majina ya waimbaji wazee wa Ugogo wakati wangali hai, maana wengi wa waliotangulia waliimba maisha yao yote wala hakuna kitabu kilichowataja.