Mazao-tanzu ya klorini katika maji ya kununua kwa jumla

Mazao-tanzu ya klorini ni kemikali zinazozaliwa klorini iliyotiwa majini kuua vijidudu inapokutana na masalia ya majani na udongo yaliyoyeyuka. Hupimwa hasa makundi mawili: trihalomethani, klorofomu ikiwemo, na asidi za haloasetiki. Johannes Rook, mkemia wa Rotterdam, alieleza chanzo cha trihalomethani mwaka 1974.

Nchini Marekani ziko mamlaka nyingi za maji zisizo na mtambo. Hununua maji yaliyokwisha kusafishwa kwa jirani, kisha huyasambaza. Lakini klorini haiishii langoni mwa mtambo. Maji yakisafiri mbali na kulala matangini, hasa wakati wa joto, trihalomethani huzidi kuongezeka. Asidi nazo zina tabia yake: klorini ikififia, bakteria walioota ndani ya mabomba huzila, na kiwango hushuka mwisho wa mtandao.

Kikomo cha Marekani cha mwaka 1979 kilikuwa mikrogramu 100 za trihalomethani kwa lita, kwa mifumo mikubwa tu. Kanuni za 1998 ziliweka 80, na 60 kwa asidi tano. Hata hivyo wastani ulikuwa wa mfumo mzima, hivyo mtaa wa mwisho wa bomba uliweza kunywa maji yaliyopita kikomo mwaka mzima bila kosa kuandikwa. Kanuni ya Januari 2006 iliziba mwanya huo: kila kituo cha kupimia kina wastani wake wa mwaka, na mnunuzi anawajibika sawa na muuzaji.

Ni haki kwa mnywaji, ila mzigo humwangukia asiyetawala chanzo. Masalia ya majani na udongo huondolewa vizuri zaidi mtamboni, kabla ya klorini. Mnunuzi hubaki kumwaga maji yaliyotuama, kupunguza akiba tangini, au kupuliza hewa humo klorofomu itoke. Asidi hazitoki kwa hewa. Kupunguza klorini ovyo ni hatari kubwa zaidi: kipindupindu huua kwa saa, ilhali saratani ya kibofu inayohofiwa huhusishwa na kunywa maji hayo miaka mingi.

Mnunuzi anahitaji kipimo kwenye mita ya makabidhiano na mkataba unaotaja kiwango cha juu hapo. Bila hivyo, hana pa kumshikia muuzaji.